Jinsi ya kuchagua manowari ya kesho: anza na kazi, makombora yatafuata

Nchi yoyote ikitangaza inanunua meli mpya za kivita, swali la kwanza mtaani huwa moja tu, ina makombora mangapi, na la pili ina spidi gani. Jamani hayo ni maswali ya mwisho kabisa. Manowari inakaa kazini miaka 30 na zaidi, rada itabadilishwa humo ndani, makombora yatabadilishwa, softwea ndo usiseme, ila bodi, injini na nafasi iliyoachwa ndani vitabaki vilevile mpaka siku inapelekwa kukatwakatwa chuma chakavu. Ukikosea hapo umewakosea mabaharia ambao saa hii bado wako shule ya msingi.

Hatua hizi nimeziandika kwa yeyote anayetaka kupima uamuzi wa jeshi la wanamaji, awe mwandishi wa habari, mbunge wa kamati ya ulinzi, kijana anayesomea uhandisi wa meli au mtu tu anayependa mambo ya bahari. Mifano mingi ni ya Marekani na Ulaya kwa sababu moja, wenzetu wakiharibu wanakaguliwa hadharani, ripoti zinatoka, yaani unaweza kuona kosa lilianzia wapi na liligharimu nini. Sisi wa huku tukianza kuchagua meli kubwa zaidi tunayo nafasi ya kuyakwepa yale ambayo wengine wameshayalipia.

HATUA YA 1. Andika kazi kwa maneno ya kawaida

Chukua karatasi moja. Usiandike "meli ya kisasa yenye uwezo mkubwa", hiyo haina maana yoyote kwa mtu anayechora meli. Andika inaenda wapi, inakaa huko siku ngapi bila kurudi bandarini, inakutana na nani, bahari yenyewe ikoje na joto likoje. Mfano, "kukaa siku 25 mashariki ya Pemba wakati wa kusi, kukagua meli za uvuvi haramu, kushusha boti ndogo kwenye mawimbi, kubeba helikopta moja." Hiyo ni kazi. "Kusindikiza meli za mizigo kupita Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba wa kuingilia Bahari ya Shamu, huku unarushiwa makombora" nayo ni kazi, ila ni meli nyingine kabisa, pesa nyingine kabisa. Na "kushusha askari ufukweni", kama Wakenya walivyofanya Kismayo Septemba 2012, hiyo ni ya tatu. Anayetaka zote tatu kwenye meli moja ya bei nafuu ataishia na meli isiyofanya hata moja vizuri.

Ukishaandika kazi, geuza karatasi uandike kazi ambayo HUITEGEMEI ila inaweza kukujia. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu Wajerumani wametupa somo zuri sana. Frigeti zao (manowari za ukubwa wa kati) za F125, aina ya Baden-Württemberg, ziliagizwa 2007, wakati dunia nzima ilikuwa inawaza maharamia, ugaidi na kulinda amani. Wakachora meli ya kazi hiyohiyo, tani 7,000 na kitu, ina boti za kasi, nafasi ya makomandoo, mzinga mkubwa wa milimita 127 wa kupiga nchi kavu, na uwezo wa kukaa mbali na nyumbani hadi miaka miwili huku mabaharia wakibadilishana hukohuko, meli 4 seti 8 za mabaharia. Ki ukweli kwa kazi ile ilikuwa fikra nzuri. Lakini ulinzi wa anga wakaweka wa karibu tu, makombora madogo ya RAM, hakuna kabisa yale mashimo ya kurushia makombora ya masafa marefu. Ilipofika 2024 meli ya Baden-Württemberg ilikuwa inarudi kutoka safari ya Asia, Wahouthi, wale waasi wa Yemen, wanarusha makombora na droni Bahari ya Shamu, na frigeti yenye ukubwa wa destroya, manowari ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko frigeti, ikaonekana haina kinga ya kutosha kupita pale, ikabidi izunguke Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Meli ya kivita, inazunguka kama meli ya makontena.

Kwaiyo kazi kuu ndo inachora meli, ila kazi usiyoitegemea lazima iachiwe nafasi. Nafasi, sio lazima silaha yenyewe. Tutarudi huko hatua ya 6.

HATUA YA 2. Piga hesabu ya bahari yako

Hii watu wanairuka na ndo rahisi kuliko zote, kalamu tu. Meli ikitembea maili 15 za baharini kwa saa inamaliza maili 360 kwa siku. Chukulia rada yake iko mita 16 juu ya maji na inatafuta boti iliyonyanyuka mita 1, kwa sababu ya mviringo wa dunia itaiona kuanzia maili 11 hivi, tuseme 10 kwa usalama. Ina maana inafagia upana wa maili 20, mara 360, sawa na maili za mraba 7,200 kwa siku. Eneo la uchumi la bahari ya Kenya ni kama kilomita za mraba 142,000, ukigeuza ni maili za baharini za mraba 41,000 na kitu. Meli moja itahitaji siku 6 kulipitia mara moja tu, na wakati iko Kiunga kaskazini aliyeko Shimoni kusini anavua anavyotaka. Bahari ya Tanzania ni kubwa zaidi, kilomita za mraba 223,000 hivi, fanya hesabu mwenyewe.

Alafu kuna kanuni ambayo majeshi ya wanamaji yote yanaijua: ukitaka meli moja iwe baharini muda wote nunua tatu, maana moja iko kazini, moja inafanya mazoezi au iko njiani, moja iko kwenye chelezo inatengenezwa. Anayenunua meli moja kubwa ya fahari amenunua theluthi ya meli.

Hapo ndo utaona kwa nini mara nyingi jibu sahihi ni meli tatu za kawaida zenye helikopta au droni, badala ya moja iliyosheheni. Droni ikipanda mita elfu moja juu ule mviringo wa dunia unaacha kuwa tatizo, upana wa kufagia unaongezeka mara kadhaa, na bei yake ukilinganisha na meli ya pili ni ndogo sana.

HATUA YA 3. Bodi, spidi na joto

Spidi ni mtego. Nguvu ya injini inayotakiwa inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi, yaani ukitaka kutoka maili 20 kwa saa kwenda 40 unahitaji nguvu mara 8 hivi, sio mara 2. Na nguvu hiyo inakula mafuta, inakula nafasi, inakula uzito ambao ungebeba chakula, mafuta ya helikopta, vyumba vya watu.

Marekani waliangukia hapo na meli zao za LCS, zile za kupigana karibu na pwani. Walitaka zipite maili 40 kwa saa, bei ilisemwa itakuwa dola milioni 220 kila moja, mabaharia 40 tu wa msingi, na vifaa vya kazi viwe vya kuchomeka na kuchomoa, leo inatafuta mabomu ya baharini, kesho inawinda nyambizi. Wakachagua dizaini mbili kwa mpigo badala ya moja. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili, watu 40 hawakutosha ikabidi waongeze, kile kifaa cha kuunganisha nguvu za turbaini na dizeli kwenye dizaini moja, ile ya Freedom, kikawa kinaharibika, na seti ya kuwinda nyambizi ikafutwa 2022 bila kuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. USS Sioux City iliingia jeshini Novemba 2018 ikatolewa Agosti 2023. Meli mpya, hata miaka 5 haijafika! Ninachojiuliza kila nikisoma habari zao ni nani aliandika ile maili 40 na ilikuwa kwa ajili ya kazi gani, kwa sababu ukitafuta kazi inayohitaji spidi ile kwa meli ya tani 3,000 hupati, helikopta na boti ndogo vinaenda kasi kuliko hiyo na bei ni cha mtoto.

Kwa doria, spidi ya kutembelea ya maili 15 hadi 18 na ya juu ya 25 hivi inatosha kabisa. Cha kuuliza ni meli inavumiliaje mawimbi. Kusi ikivuma katikati ya mwaka bahari yetu inachafuka miezi mizima, na meli fupi inarukaruka hadi mabaharia hawalali, boti haishuki, helikopta haitui. Urefu wa bodi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, chuma chenyewe ni sehemu ndogo ya bei ya manowari, pesa iko kwenye vilivyomo ndani. Kwaiyo ukiambiwa "tufupishe meli tupunguze gharama" kataa.

Na joto. Waingereza walijenga destroya 6 za Type 45, walitaka 12, zikawa 8, zikaishia 6. Meli nzuri sana kwa ulinzi wa anga, ila turbaini yake ya WR-21 ina mfumo wa kupoza hewa ambao kwenye maji ya moto ya Ghuba ya Uajemi ulikuwa unazidiwa, turbaini inazima, jenereta za dizeli zilizopo ni ndogo haziwezi kubeba mzigo, meli nzima giza. Katikati ya bahari. Dawa waliyoipata ni kutoa dizeli mbili na kuweka tatu kubwa zaidi, meli moja baada ya nyingine, kazi ya miaka na miaka, HMS Dauntless ndo ya kwanza kurudi baharini ikiwa imefanyiwa 2022. Kwaiyo kwenye karatasi yako andika kwa namba: maji ya bahari nyuzi 32, hewa nyuzi 40 na zaidi, injini zote na viyoyozi vya chumba cha kompyuta vifanye kazi kwa ukamilifu, ithibitishwe kwa majaribio. Meli iliyochorwa kwa ajili ya Bahari ya Kaskazini haijui Mombasa wala Muscat.

HATUA YA 4. Sekunde zako ni ngapi

Hapa ndo pale napapenda kuliko sehemu zote, maana watu wanabishana jina la rada wakati swali kubwa ni imewekwa JUU KIASI GANI.

Kombora la kuzamisha meli linaruka chini karibu na maji, tuseme mita 5, mwendo wa karibu na sauti, ambao ni kama maili 10 za baharini kwa dakika. Rada ikiwa mita 16 juu ya maji italiona likiwa maili 14 hivi. Una sekunde 84. Ipandishe rada hiyohiyo hadi mita 36, italiona maili 18 na kidogo, una sekunde 110. Hizo sekunde 26 ulizoongeza hazikununuliwa na rada ya bei mbaya, zimenunuliwa na mlingoti. Ndo maana ukiangalia Type 45 unaona lile dude la duara liko juu sana, sio urembo.

Lakini hakuna cha bure. Uzito ukiuweka juu meli inayumba zaidi, kwaiyo unahitaji bodi pana zaidi chini, na bodi pana inataka injini kubwa. Mtu akikuonyesha mchoro wa korveti, manowari ndogo kuliko frigeti, ya tani 900 yenye rada nne za bapa juu ya mlingoti mrefu muombe hesabu za uthabiti wa meli kabla hujauliza kitu kingine chochote.

Na sekunde hizo 84 zinagawanywa. Rada ithibitishe, kompyuta iamue ni adui, kombora litoke, likutane nalo mbali kidogo ili mabaki yasikuangukie. Kama katikati hapo kuna mtu anatakiwa kupiga simu kuomba ruhusa, sekunde zimeisha. Kwaiyo uwezo wa mfumo wa kuongoza vita, ule ubongo unaounganisha rada na silaha, una thamani kuliko silaha yenyewe, na ndo kitu ambacho kwenye matangazo hakionekani kwa sababu hakipigiki picha.

HATUA YA 5. Silaha: uliza bei ya risasi

Destroya za Zumwalt za Marekani ndo mfano wa milele. Zilipangwa 32, zikajengwa 3. Kila moja ina mizinga miwili ya milimita 155 iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi maalum ya kuongozwa, na kwa kuwa meli zilipunguzwa idadi ya risasi nayo ikapungua, bei ya risasi MOJA ikafika dola 800,000 hivi, ikafutwa 2016. Mizinga ikabaki haina cha kupiga maana risasi nyingine haiingii. Sasa wanaing'oa kuweka makombora ya kasi kubwa. Kanuni rahisi, silaha yoyote ambayo risasi yake inatengenezwa na kiwanda kimoja kwa meli zako tu usiiguse.

Bahari ya Shamu imeongeza somo lingine. Droni ya Wahouthi ni ya bei ndogo, kombora la SM-2 la kuiangusha ni kama dola milioni 2, na ukimaliza makombora kwenye mashimo yake huwezi kuyajaza baharini kirahisi, unarudi bandarini. Machi 2024 destroya ya Italia Caio Duilio iliangusha droni kwa mzinga wa milimita 76, wa kawaida kabisa, ambao uko kwenye manowari nyingi duniani. Ndo maana frigeti mpya za Uingereza za Type 31 zina mzinga wa milimita 57 na mingine miwili ya milimita 40 pamoja na makombora. Meli yako iwe na ngazi tatu za kujikinga, kitu cha bei ghali kwa mbali, mzinga wenye risasi nyingi kwa karibu, na vifaa vya kuvuruga mawimbi ya redio na kulaghai makombora. Hiyo ya tatu ndo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana, na ndo ya mwisho ningekubali ikatwe.

HATUA YA 6. Nafasi tupu ni silaha

Destroya ya kwanza ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke iliingia jeshini 1991. Leo bado zinajengwa, zimepita 70, na ile ya toleo jipya kabisa, USS Jack H. Lucas, iliingia Oktoba 2023 ikiwa na rada inayohitaji umeme na upoozaji mwingi zaidi. Zilianza na tani 8,300 hivi zimefika karibu 9,700. Zimebanwa sasa, kila mtu anakubali, ila wamekula miaka zaidi ya 30 kwenye bodi ileile kwa sababu mwanzoni ilikuwa na pa kukua.

Ukisoma ofa ya kiwanda tafuta namba tatu: uzito gani bado unaweza kuongezwa bila meli kupoteza uthabiti, umeme kiasi gani unabaki kila kitu kikiwa kimewashwa, na maji baridi ya kupozea kiasi gani yanabaki. Zikiwa sifuri, meli imezeeka kabla haijazaliwa. Pia uliza kama kuna nafasi chini ya sitaha mbele ya kuweka mashimo ya makombora siku zijazo, nyaya na misingi ikiwa tayari. Hii inaruhusu kununua meli kwa bajeti ya leo na kuipa meno kesho. Ila muangalie, wapo wanaotumia maneno hayo kama kisingizio, meli inaitwa frigeti miaka 20 na yale mashimo hayajawahi kuona kombora.

HATUA YA 7. Ikipigwa je

Mwaka 1987 frigeti ya Marekani USS Stark ilipigwa na makombora mawili ya Exocet kwenye Ghuba, watu 37 wakafa, na meli ikarudi bandarini kwa sababu mabaharia walipigana na moto usiku kucha. Hao watu ndo wanaokatwa kwanza meli inapoitwa "ya kiotomatiki". Kompyuta haishiki mpira wa maji. Novemba 2018 frigeti ya Norway, Helge Ingstad, iligongana na meli ya mafuta, na maji yakapita kutoka chumba kimoja kwenda kingine kupitia shafti za rafadha, yaani pangaboi la kusukumia meli, zilizo na tundu ndani, kitu ambacho kwenye mchoro kilionekana kidogo. Meli ikazama. Uliza: vyumba vingapi vikijaa maji bado inaelea, pampu ziko wapi, chumba cha pili cha kuongozea meli kipo, na ni watu wangapi wanabaki kuzima moto wengine wakiwa kwenye silaha.

HATUA YA 8. Dizaini ya nani

Kuna njia tatu. Kuchora upya, kununua ya mwenzako ilivyo, au kununua ya mwenzako na kuibadilisha. Watu wengi wanadhani ya tatu ndo ya busara, nusu ya bei na kila kitu chako. Hapana, hiyo ndo hatari kuliko zote!

Marekani 2020 walichagua frigeti ya FREMM ya Italia, meli iliyokuwa tayari inasafiri baharini, wakaiita Constellation. Mpango ulikuwa ifanane na ile ya asili kwa asilimia 85. Kisha viwango vya Kimarekani vya kuhimili mapigo, rada yao, bodi ikarefushwa, mabomba yakahamishwa, mpaka kufanana kukashuka chini ya asilimia 15. Ujenzi ulianza Agosti 2022 michoro haijakamilika, uzito ukapanda, meli ya kwanza ikasogezwa kutoka 2026 hadi 2029. Novemba 2025 wakafuta mpango wakabakiza mbili za kwanza tu. Walilipia dizaini iliyopo alafu wakachora upya, bila kukiri kwamba wanachora upya, kwaiyo hawakujipa muda wala pesa za kuchora upya.

Waingereza kwenye Type 31 walikuwa na nidhamu tofauti. Walichukua familia ya bodi ya Kidenmark ya Iver Huitfeldt, wakaweka lengo la pauni milioni 250 kwa meli, wakachagua mfumo wa vita ambao tayari upo sokoni, na wakakubali kuacha vitu vingine nje. Nao wamechelewa na wajenzi wamepata hasara, sisemi ni malaika, ila wanajenga meli 5 na dizaini hiyohiyo imenunuliwa na Poland na Indonesia.

Kanuni yangu ni hii. Badilisha rangi, lugha ya maandishi, redio, silaha ndogo. Ukitaka kubadilisha bodi, injini au mlingoti, simama, ita wachoraji, sema wazi ni meli mpya na usikate chuma mpaka michoro iishe. Na kila anayeomba mabadiliko aandike jina lake, sababu, na tani ngapi anaongeza.

HATUA YA 9. Chelezo, spea na pesa za kila mwaka

Wakaguzi wa serikali ya Marekani wamesema mara nyingi kwamba kwenye zana za kijeshi takribani asilimia 70 ya gharama ya maisha yote iko kwenye kuendesha na kutunza. Bei mnayoitangaza siku ya kusaini ni theluthi tu. Afrika Kusini walinunua frigeti 4 nzuri sana kutoka Ujerumani kwenye mkataba mkubwa wa 1999, Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi, meli ambazo zimewahi kufanya doria ya maharamia hadi Mlango wa Msumbiji, jirani zetu kabisa. Meli hazina kosa. Pesa za matengenezo hazikutengwa za kutosha, na kwa miaka sasa wanahangaika kuwa na hata moja au mbili zinazoweza kutoka bandarini kati ya zile nne. Inauma kuona.

Kwaiyo kabla ya kusaini jibu haya: chelezo cha urefu huo kipo nchini au meli itavutwa kwenda ng'ambo kila mara? Injini hiyo ina fundi Mombasa au Dar, inatumika pia kwenye meli za mizigo au jenereta, au spea inakuja kutoka kiwanda kimoja Ulaya? Kenya wana kiwanda chao cha meli pale Mtongwe sasa, meli mpya ingechaguliwa kwa kuanzia na uwezo wa kile kiwanda. Norway Agosti 2025 walichagua Type 26 ya Uingereza na moja ya sababu kubwa ni kwamba meli zitafanana na za Waingereza, mafunzo pamoja, spea pamoja, doria pamoja kwenye bahari ileile. Nchi ndogo ikichagua meli inachagua pia rafiki wa miaka 30, na jirani wawili wenye bahari moja wakinunua meli za aina moja wanaweza kugawana chelezo, walimu na stoo.

Muda nao ni gharama. KNS Jasiri, meli ya doria ya Kenya, mkataba wake ni wa 2003, meli ilitia nanga Mombasa 2012. Miaka 9, vifaa vya ndani vinazeeka meli ikiwa haijafanya kazi hata siku moja.

HATUA YA 10. Ijaribuni kama vita, ndipo mlipe

Machi 2024 frigeti ya Denmark yenyewe, Iver Huitfeldt, ilikuwa Bahari ya Shamu, droni zinakuja, na kwa karibu nusu saa haikuweza kurusha makombora yake kwa sababu rada na mfumo wa kuongoza vita havikuelewana, na risasi nyingi za mzinga zikalipuka mapema karibu na meli yenyewe. Meli ilinusurika, droni zikaangushwa, ila mkuu wa majeshi Flemming Lentfer aliondolewa Aprili kwa kutomfahamisha waziri. Kila kifaa peke yake kilikuwa kizuri. Mnyororo mzima ndo haukuwa umejaribiwa hivyo.

Kwenye mkataba wekeni majaribio haya, kwa kalenda: wiki mbili za bahari chafu ya Julai, boti na helikopta zikishuka na kupanda, siku tatu za joto la Februari kila mashine ikiwa imewashwa kwa pamoja, umeme ukizimwa makusudi kuona meli inarudi baada ya dakika ngapi, na kurusha kombora halisi na risasi halisi kwa shabaha inayoruka, usiku, mara zaidi ya moja, mfululizo, mabaharia wetu wakiwa kwenye viti bila fundi wa kiwanda pembeni. Fungu la mwisho la malipo, liwe la kuumiza, libaki benki mpaka kepteni mwenyewe asaini kwamba yote yamepita.